Mkaratusi wa Ihangalo na Jicho la Nehemia

Mti hulala kwa urefu wake, si kwa jicho la mkataji. Fundi aliwaambia hivyo asubuhi, mlipotaka kukata boriti kwa kukadiria, nanyi mkaja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Yametoka Ihangalo, kijiji cha wakata miti huko nyanda za juu, na chanzo chake ni hiki.

Saa tisa alasiri, Jumamosi moja mwishoni mwa kiangazi, mkaratusi mrefu kuliko yote kijijini ulikuwa umeinama kuelekea nyumba ya Mama Luvanda. Greda lililopanua barabara lilikuwa limekata mizizi ya upande wa pili, na ardhi ya upande huo ilikuwa imeanza kupasuka. Mvua ya kwanza ingeuangusha. Kati ya shina na ukuta wa nyumba palikuwa na mita ishirini na nane za ua tambarare.

Chumba kilichoukabili mti kilikuwa na mzazi. Alikuwa Tumwitike, mke wa Nehemia Luvanda, pamoja na mtoto wake mchanga ambaye kitovu chake kilikuwa hakijadondoka. Katika nyumba ile, mzazi hakutoka nje kabla kitovu hakijadondoka, na Mama Luvanda, mama yake Nehemia, hakuruhusu mjadala juu ya jambo hilo.

Nehemia alikuwa mkata miti. Kazi alifundishwa na mjomba wake, marehemu Tweve, na pamoja na kazi alifundishwa namna ya kujua mti utafika wapi ukianguka. Tweve aliupa mti mgongo, akaenda mbele, akatanua miguu, akainama na kuchungulia nyuma kati ya magoti yake. Kama ncha haikuonekana, alisogea mbele zaidi. Mahali alipoanza kuiona, alichomeka kijiti na kusema mti utaishia hapo. Watoto walimcheka, lakini hakuna mti uliowahi kupita kijiti chake.

Siku hiyo Nehemia aliinama vivyo hivyo. Ncha aliiona akiwa mita ishirini na nne kutoka kwenye shina. Akachomeka kijiti, akamwambia mama yake kwamba mti utalala mita nne nje ya ukuta, kwa hiyo mzazi abaki ndani. Kisha akawasha chenso na kukata mdomo upande wa nyumba, yaani ule mkato wa kwanza unaouelekeza mti pa kulala. Akazima mashine ili aongeze mafuta.

Hapo ndipo dada yake Tumwitike alipoingia uani na kapu la unga wa uji. Aliitwa Mwalimu Chaula, naye alifundisha hisabati katika sekondari ya kata.

“Shemeji, nimekuona kutoka barabarani umeinama,” alisema. “Nikadhani siku hizi ndivyo mnavyowapokea wakwe.”

Nehemia alicheka. Alimweleza kuhusu kijiti. Mwalimu alikitazama, akatazama ncha ya mti, kisha akauliza kijiti kimechomekwa kwa jicho la nani.

“La mjomba.”

“Mjomba yuko kaburini. Jicho ni lako.”

Akamkumbusha kwamba Tweve aliwahi kuanguka kutoka kwenye lori la magogo, na tangu hapo mgongo wake haukuinama sawasawa. Mwaka mmoja kabla hajafa, Mwalimu alimpeleka mbele ya wanafunzi na kumpima akiwa ameinama. Mstari wa jicho lake ulipanda kutoka usawa wa ardhi kwa nyuzi arobaini na tano. Kwa pembe hiyo umbali na kimo hulingana, na ndiyo maana kijiti chake hakikukosea. Nehemia alikuwa na mgongo mzima.

Upepo wa alasiri ulikuwa umeanza. Nehemia alisema mdomo umeshakatwa na mti hautasubiri somo. Mwalimu akamwonyesha nguzo ya umeme iliyokuwa pembeni mwa ua.

“Hiyo uliisimika wewe. Ina kimo gani?”

“Ya mita kumi. Moja na nusu iko chini. Nane na nusu.”

“Iinamie.”

Aliinama, akasogea, akainama tena. Alipoiona ncha ya nguzo, Mwalimu alivuta futikamba ya Nehemia hadi chini ya nguzo na kusoma mita sita. Jicho la Nehemia lilikuwa nusu mita juu ya ardhi, kwa hiyo zilibaki mita nane za kwenda juu. Kwa ncha ya msumari alichora udongoni pembetatu mraba, upande wa wima nane, upande wa chini sita. Nane gawanya kwa sita ndiyo tanjenti ya pembe ya Nehemia. Akaiingiza kwenye simu na kumwonyesha jibu. Lilikuwa nyuzi hamsini na tatu.

“Wewe unaona juu zaidi ya mjomba,” alisema, “kwa hiyo unaiona ncha ukiwa bado karibu na shina.”

“Na mti huu?”

“Ishirini na nne mara nane, gawanya kwa sita. Thelathini na mbili. Ongeza nusu mita ya jicho lako.”

Shina lililia mara moja, mlio mfupi wa nyuzi za mti zinazokatika, na mdomo alioukata ukafinyika kidogo. Nehemia aliacha chenso chini, akakimbilia nyumbani.

Mama Luvanda alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu.

“Mzazi hatoki,” alisema. “Umesema mwenyewe haufiki.”

“Nilisema. Nimekosea, mama. Unafika kitandani.”

“Mjomba wako hakukosea hata siku moja.”

“Mimi si yeye. Nimepimwa sasa hivi.”

Mama Luvanda alimtazama usoni. Kisha aligeuka, akavua mgolole aliojitanda mabegani, akamfunika mtoto kichwa hadi miguu ili asipigwe na upepo, akambeba. Nehemia alimshika mkewe kiunoni. Walitokea mlango wa jikoni na kuvuka shamba la viazi hadi kwa jirani.

Hakuna aliyegusa chenso tena. Upepo uliposukuma kwa mara nyingine, mkaratusi ulikatika wenyewe pale kwenye mdomo.

Vumbi lilipotulia, Nehemia alipima kutoka kwenye kisiki hadi kwenye ncha. Mita thelathini na mbili na robo tatu. Ncha ilikuwa imepasua bati na kushuka chumbani, na tawi moja nene lilikuwa limelala juu ya kitanda, limevunja ubao wa kichwani.

Mama Luvanda aliingia, akalitazama tawi, akatazama mahali mto wa mtoto ulipokuwa. Akamgeukia mwanawe.

“Nehemia,” alisema, “mti hulala kwa urefu wake, si kwa jicho la mkataji.”