Hatua Kumi za Mwamba

Hadithi yangu inabisha hodi. Atakayesinzia asije akaniuliza mwisho wake.

Kijiji cha Lusungo kimekaa kwenye mteremko wa majivu ya volkano. Masika yaliyopita ardhi ilipasuka, ikameza nyumba mbili na zizi. Walikuwapo hapo ndugu watatu wa tumbo moja, kila mmoja na nyumba yake na watoto wake. Gwakisa alikuwa na mikono. Tusekile alikuwa na elimu. Chuoni walimfundisha kupiga picha ya chini ya ardhi. Anyitike alikuwa na mdomo, na mdomo mimi siudharau.

Tusekile akachomeka vinasa mtetemo kwenye shamba la marehemu mama yao, akaviunganisha kwa waya.

"Kaka, piga bamba. Mtetemo hukimbia kwenye mwamba, huchechemea kwenye majivu. Nitajua pagumu pa kujenga ni wapi."

Gwakisa akapiga bamba la chuma kwa nyundo kutwa nzima, hadi viganja vikachunika.

Picha ikatoka kama uji ulioungua. Jirani kulikuwa na msiba, na ngoma zilitikisa ardhi kuliko nyundo.

Aliyekufa ni baba wa mume wa Anyitike, na kwao mzee hazikwi bila ngoma. Anyitike akaenda hivyo hivyo.

"Baba zangu, nyamazeni mpaka jua litue."

"Unamzika mkweo kama paka?"

"Nyamazeni, ama masika haya tuzikwe sote bila ngoma!"

Wakanyamaza. Mumewe hajasema naye tangu siku hiyo.

Gwakisa akafunga viganja matambara, akapiga upya. Tusekile akaisoma picha. Mteremko wote laini, isipokuwa ulimi mmoja wa mwamba shambani kwa mama: hatua kumi kwa kumi. Panatosha nyumba moja tu.

Juu ni msitu wa serikali, chini ni mto. Waliandika barua ofisini kuomba pa kuhamia. Wakajibiwa kuwa imepokelewa. Mvua imeshaanza.

"Mikono hii ndiyo iliyopiga," akasema Gwakisa.

"Bila mimi ungekuwa mwendawazimu anayepiga chuma," akasema Tusekile.

"Na bila mimi mngepata picha ya ngoma."

Msiniambie wabanane. Watoto ni kumi na saba, na mwamba haujui undugu.

Je, wewe ungempa nani? Na wale wawili ungewaambia wakalale wapi?