Mazishi ya Punda wa Bi Nunu

Kaeni basi, mliosimama. Na wewe mwenye haraka ya kujibu, kaa zaidi, kwa sababu kisa hiki kimewashinda wenye mvi. Mimi mwenyewe nikikisimulia hulala na jibu moja nikaamka na jingine.

Palikuwa na mji ukiitwa Kilimba, bara huko, reli inakoishia. Vita viliufika, wala havikuwa vita vya watu wa Kilimba. Wageni waligombana wao kwa wao, wakaja kumalizia ugomvi wao mlangoni mwa watu. Meja wao akaketi bomani akatoa amri: watu wasikutane, ngoma zisilie, wanaume wakamatwe wakabebe mizigo ya jeshi. Mahali pamoja tu paliachwa wazi, ukumbi wa maonyesho wa Bi Nunu binti Fereji, kwa kuwa Meja alipenda kucheka.

Na ukumbi ule ulikuwa na kila kitu: nyimbo, mazingaombwe, sarakasi, vichekesho. Ulikuwa pia na moyo wa simba, maana nusu ya vichekesho vilimcheka Meja huyo huyo aliyekaa kiti cha mbele, naye anajipiga mapaja. Bi Nunu aliuendesha na mwanawe wa pekee, Sefu, mvuta pazia. Wasanii walikuwa wengi, lakini kisa chetu ni cha watatu.

Wa kwanza ni Pazi, mchekeshaji. Pazi angeweza kumchekesha mtu anayeng'olewa jino.

Wa pili ni Chausiku, mwimbaji mwenye machozi ya karibu. Ukimwambia lia, analia, na akilia yeye ukumbi mzima unafuata, hata waliokuja wamekunjua nyuso.

Wa tatu, Songoro, alikuwa punda. Msicheke. Miaka mingi alivaa ngozi ya punda jukwaani, watu wakamjua kwato wasimjue sura. Kipawa chake kilikuwa kutulia: angeweza kulala kama mfu mpaka nzi wakamtembelea machoni, asipepese.

Basi Ijumaa moja Sefu alipita stesheni, akawakuta vijana wa mtaani kwake wamefungwa kamba moja kama kuni, wanangoja kubebeshwa mizigo. Akatoa kisu akaikata ile kamba. Wao wakakimbia, yeye akakamatwa, na kabla ya jua kuchwa wakampiga risasi. Meja akaamuru asizikwe na watu wake, asisomewe, na matanga yasikaliwe. Maiti ikawekwa bandani nyuma ya boma, ingoje kutupwa shimoni pamoja na nyumbu wa jeshi waliokufa.

Bi Nunu hakupiga ukunga. Aliwaita wale watatu chumbani kwake, akafunga mlango.

"Kisasi sitaki," akasema. "Nataka mwanangu azikwe. Asomewe, aelekezwe kibla, nijue alipolala. Sina haja nyingine duniani."

Pazi akafikiri, kisha akasema, "Mama, kesho mchana tucheze Mazishi ya Punda."

Hicho kilikuwa kichekesho chao cha zamani. Mtu mmoja anafiwa na punda wake, anamfanyia mazishi ya kifalme ndani ya lile sanduku kubwa la mavazi, na jirani yake anakuja kumcheka. Mwisho waigizaji hulibeba sanduku, wakatoka nalo nje na watazamaji nyuma yao. Pazi alitaka safari hii wamwombe Meja ruhusa ya kuvuka kizuizi cha askari, wafike makaburini kabisa, ili kichekesho kinoge.

"Lakini Mama," akasema Chausiku polepole, "jirani ni wewe."

"Najua."

"Na jirani anacheka."

"Najua, mwanangu. Meja hajui Sefu ni mwanangu; nisipotokea atauliza niko wapi."

Asubuhi yake Pazi alikwenda bomani kuomba ile ruhusa, akaipata. Wakati wa kutoka akapitia bandani na mkokoteni wa mapazia, akajifanya mlevi mbele ya mlinzi. Akaisalimu bunduki, akaiposa, akamwuliza mlinzi kama yeye ndiye mkwe. Mlinzi akacheka mpaka akakaa chini, kichwa magotini, machozi yanamtoka. Pazi akaendelea kumchekesha na huku rafiki yake amelala nyuma ya ubao mmoja tu, na watu wa ukumbi wanamtoa. Kama si Pazi, Sefu angekuwa shimoni na nyumbu.

Mchana ukumbi ulijaa. Mji mzima ulijua kilichomo sandukuni. Ni kiti cha mbele tu ambacho hakikujua. Kichekesho kikachezwa. Bi Nunu akatokea, mikono kiunoni, akalitazama sanduku alimolala mwanawe akasema, "Punda tu! Punda wa kumliza mwanamume mzima?" Akacheka. Aliniambia mtu aliyekuwepo kwamba kicheko kile kilikuwa kizuri kuliko siku zote, na kwamba hakuweza kumtazama.

Likafuata kosa, na lilikuwa kosa la watu wa jukwaa. Sheria ya ukumbi ule ilikuwa kwamba mtazamaji akiitisha tena, anapewa tena. Meja akasimama, anapiga makofi, anasema "Tena! Tena!" Na Pazi, kwa mazoea tu, kabla akili haijaufikia mdomo, akainama akajibu, "Tena, bwana." Lilishatoka. Sanduku likarudishwa katikati, na Bi Nunu akatakiwa acheke mara ya pili.

Mara ya pili hakuweza. Alifungua kinywa na kilichotoka hakikuwa kicheko. Meja akaacha kutabasamu. Hapo Chausiku, aliyekuwa pembeni akingoja kuimba, akajitupa shingoni mwa Bi Nunu, akapaza kilio chake juu ya kilio cha mama yule akakifunika. "Jirani mwema," akaimba huku analia, "ulikuja kunicheka, umeishia kulia nami." Wenyewe husema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Siku ile mfiwa aliingia nyuma ya mwimbaji, akapata kumlilia mwanawe waziwazi mbele ya aliyemuua. Ukumbi mzima ukalia. Meja akadhani ndio uhodari wa michezo ya kule, akapiga makofi tena.

Lakini alikuwa na jambo moja. Alipanda jukwaani akasema anataka kumwona huyo punda anayeliliwa hivi, akafungua kifuniko mwenyewe. Alimkuta punda. Songoro alikuwa mle tangu mwanzo, amejilaza juu ya rafiki yake, ngozi imewafunika wote wawili, mwili kwa mwili na baridi ile ambayo mnaijua waliowahi kuosha maiti. Meja akamchoma ubavuni kwa kifimbo chake, akatazama, akangoja. Songoro hakupepesa. Kisha taratibu punda akainua sikio moja. Meja akaangua kicheko, akafunga sanduku, akawaamuru askari wake wafungue kizuizi.

Sefu akazikwa alasiri ile. Mwalimu wa mji, ambaye naye alifuata msafara, alisema aliyeuawa kwa dhuluma huzikwa na damu yake, basi hakuoshwa. Akasomewa kwa kunong'ona, huku Pazi amesimama kwa mbali akiwachekesha askari wasisogee. Songoro alitolewa sandukuni, na tangu siku hiyo hakuivaa tena ngozi ya punda. Chausiku machozi yalimkauka; ukimwambia lia, anakutazama tu. Na Pazi akitaniwa mtaani hupita kando.

Zikafika arobaini. Kilimba, nguo za marehemu hupewa aliyemwosha. Hiyo ni haki yake, na tena anayepewa na mama nguo ya mwanawe wa pekee huwa mwana wa nyumba ile. Ukumbi utakuwa wake, na siku mama mwenyewe akifa, yeye ndiye atakayesimamia maziko. Bi Nunu alikuwa na kanzu moja ya Sefu, aliyomshonea kwa mkono, na afya yake ilikuwa inakwenda. Lakini Sefu hakuoshwa na mtu. Akawaita wale watatu.

"Nisingemtoa bandani, mngezika nini?" akasema Pazi. "Ila najua, Mama, neno langu moja lilitaka ucheke mara mbili. Hilo nalilalia kila siku."

"Mimi nilimlilia ulipokatazwa kulia," akasema Chausiku. "Nimetoa machozi yangu yote, sina mengine. Nitalilia nini nikifiwa na wangu?"

"Mimi nililala naye," akasema Songoro. "Hakuwa peke yake."

Wazee wakamshauri Bi Nunu aikate kanzu vipande vitatu, kila mtu apate chake. Akakataa. "Mwanangu nilimzika mzima," akasema. "Simkati leo."

Basi ndiyo ile kanzu, imekunjwa mapajani mwake, na wale watatu wameketi mbele yake, na pumzi zake zinahesabika. Nyinyi mnaonisikiliza, mngemvika nani?