Sifuri ya Yoramu

Huko Makete, kwenye vilima ambako mwezi wa saba maji ya kuku huganda bakulini, aliishi mtu aliyekuwa na kifaa cha kupimia upepo. Aliitwa Yoramu Chaula, mkulima wa viazi. Binti yake, mwalimu huko Mbeya, ndiye aliyemletea: mlingoti mrefu wenye vikombe vitatu vidogo juu, vinavyozungushwa na upepo, na ndani ya nyumba skrini ya kuonyesha namba. Yoramu alikipenda kifaa kile kuliko redio yake.

Kijiji nacho kilikipenda, na si bure. Kila msimu wa baridi, majani yakikauka, watu husafisha barabara za moto, yaani ukanda mtupu wa kuzuia moto usivuke, kuzunguka misonobari yao. Hufyeka, hukusanya, kisha huchoma siku ambayo upepo umelala. Mwaka mmoja mtu alikosea siku, na moto ukateketeza kilima kizima pamoja na nyumba mbili. Tangu hapo walikubaliana kwamba asiwashe mtu kiberiti kabla hajaona moshi shambani kwa Yoramu. Yeye akiwasha, watu kumi wanawasha.

Kupakana na shamba lake kulikuwa na misonobari ya Eselina Luvanda, mjane. Marehemu mumewe aliipanda kwa mikono yake, mche mmoja mmoja, na ilikuwa imebakiza mwaka mmoja tu ivunwe. Mama yule hakuwa na kitu kingine cha kumtunza uzeeni.

Nisikilizeni vizuri hapa. Yoramu hakuwa mzembe. Kifaa chake alikitunza, tena alikitunza kupita kiasi. Mwezi wa tano alipanda ngazi akakijaza grisi nzito, ile ya baiskeli, mpaka ikafurika, akashuka anajipongeza. Hakujua kwamba grisi ya namna hiyo hukaza kwenye baridi na hunasa vumbi na manyunyu. Na mlingoti alikuwa ameusimika karibu na mkaratusi mkubwa, ili auone vizuri kutoka dirishani, mahali ambapo jua la asubuhi hufika saa nne.

Asubuhi tatu mfululizo skrini ilisema sifuri. Asubuhi hizo upepo kweli ulikuwa umelala, basi hakuna aliyegundua kwamba vikombe vilikuwa vimeshikwa na barafu. Majani yalikuwa bado na unyevu, Yoramu akangoja. Alishukuru kwa utulivu ule. Hata kanisani aliutaja.

Asubuhi ya nne majani yalikuwa makavu. Saa tatu Yoramu alitazama skrini, akaona sifuri, akachukua kiberiti. Alikuwa amevaa koti zito na kofia ya sufu iliyomfunika masikio. Rundo lake la majani lilikuwa chini, nyuma ya uzio wa miti uliobanana, mahali ambapo hata unyasi hautikisiki. Akachutama. Akatoa njiti. Wakati huohuo Eselina alikuwa akipita barabara ya juu, akitoka kupeleka maziwa, akamwona jirani yake ameinama, akasimama kumsalimu. Akakiona kiberiti. Salamu ikamwishia mdomoni, akauliza:

"Shemeji, kama upepo haupo, kitenge changu kinavutwa na nani?"

Yoramu akainua uso. Kitenge cha yule mama kilikuwa kimenyooka, ncha yake ikielekea moja kwa moja kwenye misonobari yake mwenyewe. Akavua kofia. Ndipo akausikia upepo kwenye vilele vya miti, uliokuwa ukivuma tangu saa mbili, na yeye yuko chini ya uzio ana taarifa kamili kwamba haupo. Moto ungepanda mpaka usawa wa uzio, ungedakwa na upepo pale, na kabla ya saa tano mama huyu asingekuwa na mti hata mmoja. Na watu kumi wengine wangekuwa wameshauona moshi.

Njiti ilikuwa bado nzima mkononi mwake. Akaketi juu ya majani yaleyale, akacheka kama mtu aliyeponea chupuchupu. Aibu ilikuwepo, siwezi kusema haikuwepo, lakini furaha ya kunusurika iliizidi mbali. Eselina akateremka, akaketi karibu naye, wote wawili wakaitazama misonobari ilivyosimama, mizima, inayumba. Hakumsema hata kidogo. Alimwuliza kama ameshakunywa chai.

Baada ya chai Yoramu alipanda ngazi. Akagusa kikombe kwa kidole, hakikusogea. Alikiteremsha kifaa chote, akakiweka mbali kidogo na jiko kipate joto taratibu, akaifuta ile grisi yote kwa kitambaa, akadondosha matone mawili tu ya mafuta ya cherehani. Vikombe akavipaka rangi nyeusi vivute jua. Mlingoti akauhamishia peupe, mbali na mkaratusi, japo huko hauonekani tena kutoka dirishani. Tangu siku hiyo, skrini ikisema sifuri, hutoka nje bila kofia, hupanda ngazi, na husukuma kikombe kwa kidole. Kikizunguka, huamini. Wiki ile waliichoma barabara ya moto salama, wote kumi na moja, na moshi ulipanda juu umenyooka.

Sifuri ya upepo uliolala na sifuri ya kifaa kilichoganda huandikwa namna moja. Hapo ndipo penye hatari. Mtu huyu Yoramu namfahamu, ndugu zangu. Namwona kwenye kioo kila asubuhi ninaponyoa ndevu. Miaka mingi nilisimama hapa mimbarini nikiwaambia kwamba moyo wangu haunishtaki kwa lolote, nanyi mkaniitikia amina. Yale maitikio yenu, na sifa zenu, ndiyo grisi niliyojijazia. Na leo nawaona mmeketi kwa amani, nyuso zimetulia, hakuna anayesumbuliwa na neno lolote alilomfanyia jirani.

Ni nani kati yetu aliyepanda ngazi akajaribu kwa kidole?