Chungu Kifupi cha Profesa Fisi

Mwaka ule mvua ilipita mbali, mito ikabaki mchanga mtupu, na katika mbuga nzima likasalia bwawa moja tu, nalo lilizidi kunywea kila siku. Wanyama wakaanza kukanyagana. Simba, ambaye hakupenda kuonekana akisukumwa na ngiri, akanguruma:

"Basi! Kuanzia kesho kila nyumba itapewa chombo kimoja cha maji kila asubuhi. Nani hapa anajua kupima?"

Fisi alisimama kabla swali halijaisha. "Mimi hapa, Mtukufu. Vipimo nimevisomea ng'ambo ya mlima. Kule wananiita Profesa."

Hakuna aliyeuliza kule ni wapi. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya baraza la bwawani: kuuliza ni kazi ya watoto. Mtu mzima akikutana na jambo asilolielewa, hutikisa kichwa polepole, husema "Naam, naam," kisha huangalia mbali kama anayetafakari.

Wafugaji waliohama walikuwa wameacha kambini vibuyu vingi, virefu na vyembamba, pamoja na chungu kimoja kifupi na kipana. Fisi akavipanga mstari mmoja, akachora miduara na mishale mchangani, akakohoa.

"Kwa mujibu wa kanuni ya msimamo wima," alisema, "ujazo wa chombo hufuata kimo chake. Kibuyu kina shubiri mbili. Chungu kina shubiri moja. Kwa hiyo?"

"Naam, naam," wakaitikia wote.

"Kila nyumba itapata kibuyu. Mtukufu Simba, kwa cheo chake, vibuyu viwili. Na mimi, kwa kuwa msomi hana makuu, nitatosheka na hiki chungu kifupi."

Pundamilia alitoa chozi la huruma, jambo ambalo kwa kiangazi kile lilikuwa hasara. Simba akatikisa kichwa kuliko wote. Hata Sungura, anayejulikana kwa ujanja wake, alitikisa kichwa. Alitikisa siku ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Siku ya nne Bi Swala alimfuata Sungura kwenye kichuguu chake. Mwanawe, aliyezaliwa wiki mbili tu nyuma, alikuwa hawezi tena kusimama. Maziwa yalikuwa yanakauka kwa sababu mama mwenyewe hakuwa na maji mwilini.

"Kaka Sungura, usinicheke," alisema. "Mimi nimepewa chombo kirefu, nakunywa mara nne kimekwisha. Fisi ana chombo kifupi, na jana nimemwona anaoga. Imekuwaje?"

Sungura akafungua mdomo aeleze kanuni ya msimamo wima. Akaufunga. Akafungua tena.

"Dada," alisema mwishowe, "nilikuwa nasema naam tu. Hata sijui nilichokuwa nakiitikia."

"Basi tuko wawili."

"Tatizo ni kwamba tukienda kusema Fisi ni mwizi, atatumwagia maneno mengine magumu na baraza zima litaitikia. Tusiseme kitu. Tuwape wapime wenyewe."

Akaingia ndani, akatoka na nusu ya ganda la yai la mbuni, safi, la ukubwa wa bakuli.

Kesho yake asubuhi, vyombo vilipokwisha kujazwa, Sungura alipiga magoti mbele ya Simba. "Mtukufu, roho inatuuma. Profesa wetu amekonda kwa ukarimu. Leo tunaomba tubadilishane naye: yeye achukue kibuyu kirefu cha Bi Swala, na Bi Swala avumilie chungu."

"Hapana!" Fisi alipayuka, akajirekebisha. "Maana yangu, mama wa watu ananyonyesha. Siwezi kumpunja."

"Basi tumjue anapunjwa kiasi gani," alisema Sungura. "Ganda hili hapa. Tunamimina, tunahesabu."

"Kuhesabu maganda!" Fisi akacheka. "Hizo si ni hesabu za watoto?"

"Za watoto kabisa. Ndiyo maana hazitamshinda mtu hapa."

Bi Swala akamimina kibuyu chake gandani, kila likijaa akirudisha maji bwawani. "Moja," alisema peke yake. "Mbili," wakasema wachache waliokaa karibu. "Tatu." Kibuyu kikatoa tone la mwisho. Maganda matatu.

Kisha akainamisha chungu. Baraza zima lilikuwa limesogea. Walipofika sita, Simba aliacha kuhesabu, kwani maganda sita ndiyo yote aliyokuwa akipata kwa vibuyu vyake viwili. Walipofika kumi, Nyani alikuwa amepanda mgongoni kwa Tembo ili aone vizuri. "Kumi na tano! Kumi na sita!" wakapiga kelele kama walio ngomani. "Kumi na saba!"

Hapo ndipo chungu kikabaki kitupu.

"Hilo linatarajiwa," alisema Fisi huku akirudi nyuma. "Ni athari ya mpanuko mlalo katika... katika mzingo usio wima."

Vichwa vikaanza kutikisika. Naam, na...

"Maana yake nini?" aliuliza Bi Swala.

Pundamilia alimwonea aibu, akaangalia pembeni. Lakini Simba alikuwa akilitazama lile ganda, na mkia wake ulikuwa unapiga mchanga.

"Ehe," alisema Simba. "Maana yake nini, Profesa?"

Fisi akaanza kuchora miduara mingine mchangani.

"Sikiliza," Simba akanguruma. "Mimi sikuelewa tangu siku ile ya kwanza! Na mtu asijidai: katika baraza hili mimi ndiye wa kwanza kutoelewa!"

"Mimi wa pili!" alidakia Tembo.

"Hata mimi! Hata mimi!" Vifijo vikavuka bwawa, wakagombania nani hakuelewa mapema zaidi.

Siku hiyo hiyo vibuyu viliwekwa kando na maji yakagawiwa kwa ganda, kila mmoja akihesabu ya mwenzake kwa sauti. Bi Swala alipewa chungu hadi mwanawe ainuke, naye aliinuka siku ya tatu. Fisi aliachiwa kibuyu kimoja, kwa kuwa mwenyewe alikwisha thibitisha ndicho chombo kikubwa. Pua yake haikuingia kwenye mdomo wa kibuyu, ikabidi anywe kwa kujimwagia usoni.

Wakataka kumpa Sungura cheo cha Profesa. Alikataa, akasema siku tatu alizoitikia bure zinamtosha kuwa shule.

Mvua ilikwisha rudi, na bwawa limejaa. Lakini hata leo, mtu akisimama pale barazani na neno zito mdomoni, hafiki mbali kabla hajaulizwa maana yake nini. Aghalabu anayeuliza ni Simba, na huuliza kwa majivuno.