Korongo Aomba Kushushwa

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Masikio mmekuja nayo?"

"Tumekuja nayo!"

Hapo zamani za kale, wanyama walishindana kuigiza. Kila mwaka, baada ya mavuno, waamuzi walitoa pembe mbili. Pembe kubwa ya mwigizaji mkuu. Pembe ndogo ya mwigizaji msaidizi. Na sheria ilikuwa moja: ambaye mpiga mbiu amemtaja kabla ya jina la mchezo, huyo ndiye mkuu. Waliobaki wote ni wasaidizi.

Mwaka huo Korongo aliigiza mfalme. Alikuwa maarufu, basi jina lake likatangulia. Lakini mfalme alitokea mara mbili tu. Mwanzoni akaketi, mwishoni akasimama. Aliyebeba mchezo ni Kakakuona. Aliigiza mama anayechimba kisima wakati wa ukame. Chaka, chaka, chaka, akachimba. Akaimba, akachimba. Akamzika mwanawe, akachimba. Watazamaji wakalia. Hata Fisi alilia.

Korongo alimtazama. Hajapata kuona kazi kama ile.

Majina ya watakaoshindania pembe yakatoka. Korongo, mkuu. Kakakuona, msaidizi.

Siku hiyo Korongo hakula. Asubuhi akamwendea Kakakuona.

"Dada, wamekosea. Nataka niwaombe watubadilishe."

Kakakuona akajibu, "Huku chini pembe ndogo ni yangu, kila mtu anasema. Huko juu, kwenye pembe kubwa, yupo Chui. Ameshinda miaka mitano."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kukuuliza kwanza."

Kakakuona akatazama kucha zake zilizochubuka. "Basi waniweke ilipo kazi yangu."

Korongo akaruka, pwa, pwa, pwa, mpaka kwa Nyati, mkuu wa waamuzi.

"Mzee Nyati, nishusheni mimi. Mpandisheni Kakakuona."

"Hakuna aliyewahi kuomba kushushwa," Nyati akasema.

"Mzee, pima muda wangu jukwaani, kisha upime wake."

Waamuzi wakapima. Wakaona haya. Wakasema, "Kuanzia leo tutatazama mchezo, si mbiu."

Siku ya tuzo ikafika. Ngoma ndi, ndi, ndi. Pembe ndogo akapewa Kanga. Korongo hakupata kitu, na ilimuuma, tusidanganyane. Kisha likaitwa jina la mwigizaji mkuu: Kakakuona. Chui akawa wa kwanza kusimama kumshangilia. Korongo akapiga mbawa mpaka manyoya yakamtoka.

Basi jamani, ukubwa wa mtu uko katika kazi aliyoifanya, si katika jina lililotangulia. Na anayempisha mwenzake kwa haki, huyo naye ni mkubwa.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Aliyeipenda akamsimulie mwenzake.