Kimya cha Katikati ya Mshororo

Hapo kale, kabla nyinyi hamjaanza kuhesabu mizani kwa vidole kama watu wanaogawana embe, ubeti wa mapenzi haukuimbwa na mtu mmoja. Mume alitoa kipande, mke akamjibu kipande, wala hapakuwa na upenyo wa hata pumzi moja kati yao.

Mambo hayo yalianza kwa wasokota kamba. Kombo alishika ncha ya huku, mkewe Mwanashehe ncha ya kule, wakisokota usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, huku wakiimbiana. Mizani nane za mume, nane za mke, maana aliyezidisha maneno alizidisha na msokoto, kamba ikaharibika. Na kila kipande kiliishia kwa sauti ileile, ili kila mmoja ajue mwenziwe bado ameshika.

Siku moja Kombo alimgawia dada yake usumba ambao Mwanashehe aliuponda siku tatu, mpaka viganja vikamchubuka. Hata kuulizwa hakuulizwa. Loo, alinuna huyo mama! Asubuhi walipokaa kazini, Kombo akaanza kama kawaida:

"Nishike nikushikile..."

Mwanashehe alisokota tu, midomo kaifunga. Jibu alikuwa nalo, limemkaa ulimini, lakini alitaka amuumize kidogo. Kidogo tu. Kombo akarudia. Kimya. Basi akaiweka ncha yake chini, akasema anakwenda kuangua nazi, apate makumbi ya kumlipia mkewe usumba uliokwenda.

Watu walimrudisha juu ya kitanda. Alikuwa ameanguka kutoka kileleni mwa mnazi. Mwanashehe akamwinamia sikioni, akaimba, "Sikuachi, nenda mbele." Akaimba, akaimba, mpaka sauti ikamkauka na wanawake wakamshika mabega.

"Basi, mwanangu," mmoja akamwambia. "Hasikii tangu kule mnazini."

Hakuolewa tena. Ncha ya Kombo aliifunga kwenye nguzo, akawa anaimba vipande vyote viwili peke yake: kwanza cha mumewe, halafu ananyamaza, halafu chake. Majirani walimsihi asinyamaze, kwani kamba ilikuwa ikilegea. Hakuweza. Alisema hapo ndipo alipomuua.

Waliojifunza ubeti kwake waliuchukua pamoja na kimya chake. Na tangu siku hiyo, mshororo una kituo katikati, na walimu wenu wanawaambia ni pa kuvutia pumzi. Pumzi gani! Hapo mume anangoja kujibiwa, na mke bado amenuna.