Barakoa Haifuniki Macho

Barakoa haifuniki macho. Methali hiyo mmeisikia asubuhi hii kwa yule mama aliyekuwa akimkaripia mumewe, mkacheka, kisha mkaniuliza imetoka wapi. Haikutoka kwa mababu. Nyinyi wenyewe ni wakubwa kuliko hiyo. Nilikuwapo ilipozaliwa, kule Singida, mwaka ule wa korona.

Nilikuwa napita tu, kama kawaida yangu, nikapata kibarua cha kupakia mashudu, makapi ya mbegu zilizokamuliwa, kwa Bwana Msengi, mkamua alizeti. Msengi alikuwa na homa ya ini, ile inayokaa na mtu miaka na miaka. Haikuwa siri. Kila siku alimeza kidonge, na vilipokaribia kwisha alikwenda hospitali kupimwa na kuchukua vingine. Aliishi vizuri tu, akikamua mafuta na kuitukana mashine yake.

Korona ilipoingia, akaiogopa hospitali. "Kule ndiko inakogawiwa," alisema. Vidonge vikaisha, hakwenda. Badala yake akawa anakunywa maji ya mizizi na magome, machungu hata kuyatazama, asubuhi na jioni. Getini akaweka ndoo ya maji na sabuni. Barakoa aliivua wakati wa kula tu, na alikula peke yake. Kwa korona, nyumba ile ilifungwa kweli kweli.

Siku zikapita. Akawa anachoka mapema, chakula kinamshinda, shati linambana tumboni. Mkewe, Ziada, akiuliza, hujibiwa, "Dawa inafanya kazi." Sisi vibarua tuliona pia, lakini nani amwambie tajiri wake kwamba anaumwa?

Ndipo akaja Nkungu, mtoto wa shangazi yake. Binamu ni mtani: anaruhusiwa kukutukana mbele za watu, na huna ruhusa ya kukasirika. Akasimama ng'ambo ya ndoo, Msengi huku amejifunika hadi puani.

"Wewe Msengi! Mafuta unauza au unakunywa? Mbona macho yamejaa njano ya alizeti?"

Tukacheka wote. Maneno ya mtani ni ya kuchekwa, ndivyo tulivyozoea. Msengi mwenyewe alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Nenda zako, mla kuku wa watu!"

"Siendi. Hebu geukia jua."

Msengi akageuka, bado anacheka. Nkungu alikuwa hacheki.

"Na mkojo ukoje?"

"Haya! Leo mtani kawa daktari!"

"Binamu, nakuuliza."

Msengi akatazama chini. "Kama chai ya rangi."

Ziada ndiye aliyekuwa wa kwanza kati yetu kuacha kucheka.

"Sikiliza," Nkungu akasema, "utani nimeuweka chini. Siku ya msiba wako nina haki ya kulala kaburini mwako na kugoma kutoka mpaka nipewe mbuzi. Mbuzi huyo simtaki."

"Kwa hiyo nikaifuate korona hospitali?"

"Korona umeifungia geti. Hii ilikuwa ndani tangu zamani, nawe umeifungulia kamba. Barakoa haifuniki macho, binamu."

Ziada alikuwa keshaingia ndani. Akatoka amejitanda khanga, mkononi ana dumu la mizizi. "Na hili twende nalo, wakalione."

Hospitali walikuta wenye kikohozi wana mlango wao na wengine mlango wao. Daktari akasema ini limepigwa mara mbili: limenyimwa vidonge, likabebeshwa mizizi. Msengi akalazwa. Palikuwa na siku Ziada alirudi kufua, nasi tukaanza kumfikiria yule mbuzi.

Lakini Msengi alirudi. Amekonda, vidonge mfukoni, na barakoa usoni vilevile, maana hakuna aliyemwambia aivue. Ila kila asubuhi, kabla hajagusa mashine, Ziada alimgeuza alielekee jua, akamkagua macho, naye Nkungu akipita njiani hupaza sauti, "Shemeji, mbuzi wangu yu salama?"

"Salama! Macho meupe!"

Basi yule mama wa asubuhi hakuwa anatukana. Alikuwa anamwambia mumewe, ulichojikinga nacho nakiona, na unachokificha nakiona pia. Barakoa haifuniki macho.